Andika jina la bibi mzaa mama yako

Najua nimekuwa kimya wiki tatu nzima. Si kwa kupenda, tesiti zilinikaba koo, na boom nalo mnajua tabia yake, linakuja likijisikia. Leo nimepata upenyo, na sitaki kuongelea boom wala foleni ya kafeteria. Nataka kuongelea bibi zetu. Msicheke kwanza, nondo inakuja.

Chukua karatasi. Andika jina lako, la baba, la babu, la baba wa babu. Wengi wenu mtafika majina manne au matano bila jasho. Kuna watani zangu humu watafika saba na kuendelea, maana walikaririshwa wakiwa bado wanachunga mbuzi. Sasa geuza karatasi upande wa pili. Andika jina lako, la mama, la mama yake mama, la mama yake huyo bibi. Hapo ndipo kalamu zinaposimama. Nimewapima jamaa kadhaa pale kimbwetani, na wengi waliishia kwa bibi mzaa mama. Mmoja alimjua kwa jina la "Mama Fulani" tu, yaani anamjua bibi yake kwa jina la mjomba wake wa kwanza! Jina lake mwenyewe lilishafunikwa siku alipojifungua.

Watu wakisikia hivi wanasema basi, ni mila zetu, wenyewe tumezoea. Mimi nasema hapana. Hii si habari ya mila peke yake, ni habari ya afya. Kuna urithi ambao kila mmoja wetu amepewa na mama tu, na mama akapewa na mama yake, hivyo hivyo kurudi nyuma. Unafuata mstari ule ule tulioamua kutouandika. Na ndani ya urithi huo mna mambo ambayo daktari angependa sana kuyajua kabla hajakuandikia dawa. Hiyo ndiyo hoja yangu ya leo, na ninaomba mnisikilize mpaka mwisho kabla hamjaanza kunirushia mawe.

Tuanze na shule kidogo. Sote tuliopita sayansi tulilishwa Mendel: yule mtawa wa Brno na njegere zake, nusu kutoka kwa baba, nusu kutoka kwa mama, chora mraba, jaza herufi, toa uwiano wa tatu kwa moja. Ni kweli, na inafanya kazi. Lakini inahusu jeni zilizo kwenye kromosomu, ndani ya kiini cha seli. Sasa seli ina vitu vingine nje ya kiini. Kwenye saitoplazimu mna mitokondria, vile vidude tulivyovikariri kuwa ni "nyumba ya umeme ya seli". Kitu ambacho wengi tulikipita haraka ni kwamba mitokondria zina DNA yao wenyewe, mbali na ile ya kiini. Mimea ndiyo inazidi kabisa, maana hata kloroplasti nazo zina yake.

Raha ya hadithi hii ni kwamba mmoja wa waliomfufua Mendel ndiye huyo huyo aliyekuja kuonyesha kwamba Mendel hatoshi. Carl Correns, Mjerumani, alikuwa mmoja wa watu watatu ambao mwaka 1900 waliiibua upya kazi ya Mendel iliyokuwa imesahaulika. Miaka tisa baadaye, 1909, akatoa matokeo ya ua moja lenye mabaka, Mirabilis jalapa. Mmea huo mmoja unaweza kuwa na tawi la kijani, tawi jeupe, na tawi la mabakabaka. Correns akachukua chavua za kila aina akazipeleka kwenye maua ya kila aina. Kwa Mendel tungetegemea baba naye aonekane. Wapi! Mbegu kutoka tawi jeupe zilitoa miche myeupe hata kama chavua ilitoka tawi la kijani, na miche hiyo ikafa kwa kukosa ukijani wa kutengenezea chakula. Mbegu za tawi la kijani zilitoa kijani. Za tawi la mabaka zilitoa mchanganyiko. Baba hakuwa na kauli kabisa. Leo tunajua sababu: rangi ile inategemea kloroplasti, na kloroplasti za mche zinatoka kwenye yai la mama.

Kwa wanyama ikaja baadaye. Mwaka 1963 Margit Nass na Sylvan Nass walionyesha nyuzi za DNA ndani ya mitokondria. Mwaka 1981 kundi la watafiti wa Cambridge likasoma DNA hiyo ya binadamu yote, mwanzo hadi mwisho. Ni pete ndogo ya herufi 16,569, yenye jeni 37 tu. Linganisha na ile ya kiini, yenye herufi bilioni tatu hivi na jeni zinazokaribia 20,000 za kutengenezea protini. Ni kama kijitabu cha kurasa mbili kando ya maktaba. Lakini kijitabu hicho kinahusu umeme wa nyumba nzima. Kikikosewa herufi moja mahali pabaya, sehemu zinazokula umeme mwingi ndizo zinazolia kwanza: macho, masikio, ubongo, moyo, misuli.

Kwa nini ni ya mama tu? Hesabu rahisi. Yai linaingia kwenye mimba likiwa na nakala zaidi ya laki moja za DNA hiyo. Mbegu ya baba ina mitokondria makumi tu, za kumsukumia mkia, na zikiingia ndani ya yai huwekewa alama na kuteketezwa. Mwaka 2002 iliripotiwa habari ya mwanaume mmoja wa Denmark ambaye misuli yake ilikuwa na DNA ya mitokondria kutoka kwa baba. Ilikuwa ajabu kiasi kwamba dunia nzima ya wanasayansi iliishangaa. Kwa hiyo chukulia hivi: kanuni ni mama.

Sasa leteni ukoo wenu hapa tuupange, maana Kiswahili kinatusaidia kuliko tunavyodhani. Mama mdogo na mama mkubwa wana mitokondria zile zile za bibi mzaa mama, kwa hiyo ni zako pia. Watoto wao pia wanazo. Mjomba anazo, lakini zinaishia kwake, maana watoto wake wamechukua za mke wake. Baba mdogo hana zako. Shangazi naye hana zako, yeye na baba wamebeba za bibi mzaa baba. Umeona? Mtoto wa mama mdogo na mtoto wa mjomba wote ni ndugu wa upande wa mama, mnakula wote Krismasi na Idi, lakini kwenye hesabu hii mmoja yuko ndani na mwingine yuko nje. Wazungu wengi wana neno moja tu la kuwaita wote hao. Sisi tumeshawatenganisha kwa majina, tumebakiza kutumia.

Na mjomba ndiye mtu wa kumwangalia vizuri. Kuna ugonjwa wa macho uitwao wa Leber, ulioelezwa na daktari Mjerumani Theodor Leber mwaka 1871. Unaharibu neva ya jicho. Unawakuta zaidi vijana, mara nyingi kati ya miaka 15 na 35, yaani sisi hapa. Jicho moja linaanza kuona ukungu katikati, bila maumivu, na baada ya wiki au miezi la pili linafuata. Wanaume wanaupata zaidi ya wanawake mara kadhaa. Kwa zaidi ya miaka mia ukoo zilikuwa zinaonekana na mpangilio wa ajabu: mwanaume aliyepofuka hapitishi kwa watoto wake, lakini dada yake anayeona vizuri tu anapitisha kwa wanawe. Mwaka 1988 Douglas Wallace na wenzake wakaonyesha chanzo kimojawapo, herufi moja iliyobadilika kwenye pete ile ya mitokondria.

Fikiria maana yake kwetu. Mjomba amepofuka akiwa na miaka 24. Nyumbani watasema amerogwa, au alisoma sana na kibatari. Mpwa wake yupo chuoni, anavuta sigara pakiti kwa siku, na hajui kwamba moshi unaongeza hatari ya ugonjwa huo kwa mwenye mabadiliko yale. Hakuna aliyemwambia, kwa sababu hakuna aliyeunganisha mjomba na mpwa. Wangemwangalia baba yake wakamkuta anaona mpaka ng'ambo ya mto, wakasema kwenye ukoo wetu hakuna upofu. Ukoo upi?

Mwingine ni kisukari kinachokuja pamoja na kupungua kusikia, kwenye mstari wa mama. Ni sehemu ndogo tu ya wagonjwa wote wa kisukari, sitaki mtu aanze kujipima masikio leo usiku. Lakini kama bibi, mama mkubwa na mama wote wana sukari na wote mnalazimika kuwapigia kelele ndipo wasikie, hiyo ni habari ya kumpelekea daktari, si ya kusema "uzee tu".

Mtu ataniuliza, kama mama anapitisha kwa watoto wote, mbona wengine wanaumwa na wengine wazima? Swali zuri. Fikiria sufuria la makande. Mahindi ni mitokondria nzima, maharage ni zile zenye kasoro. Mama anaweza kuwa na maharage machache tu, mwili wake unajiendesha, hata hajui. Lakini yai linapotengenezwa, zinachotwa chache kwanza ndipo zinaongezeka. Ukichota kwa kijiko kidogo unaweza kupata mahindi matupu, au kwa bahati mbaya maharage karibu yote. Kwa hiyo mama mmoja, sufuria moja, watoto watatu na hali tatu tofauti. Kuna magonjwa ambayo hayaonekani mpaka maharage yazidi kiasi fulani. Ndiyo maana mama mzima anaweza kuzaa mtoto mgonjwa bila mtu yeyote kukosea chochote.

Sasa nakuja kwenye sindano, na hapa ndipo naomba mniwie makini zaidi.

Mitokondria zinafanana na bakteria, na maelezo yanayokubalika ni kwamba zamani sana zilikuwa bakteria walioingia kwenye seli nyingine wakaamua kuishi humo. Lynn Margulis alilipigania sana wazo hili kuanzia 1967, wakati wengi wakilikataa. Sasa kuna kundi la antibayotiki linaloua bakteria kwa kushika ribosomu zao, zile mashine za kutengeneza protini. Ndani yake kuna streptomaisini, kanamaisini na jentamaisini. Kwa kawaida ribosomu za mitokondria zetu zinatofautiana kidogo na za bakteria, dawa inazipita. Lakini kuna mabadiliko ya herufi moja, ile ya namba 1555, yanayofanya ribosomu zetu zifanane zaidi na za bakteria. Dawa inazishika. Seli za ndani ya sikio zinakufa, na hizo zikifa haziotii tena. Mtu anachomwa dozi ya kawaida kabisa, anapona homa, lakini anaamka hasikii. Mwaka 1993 watafiti walichapisha jambo hili kutoka kwenye familia za Kichina na familia kubwa ya Kiarabu ya Israeli, zote uziwi ukifuata upande wa mama.

Jentamaisini si dawa ya makumbusho. Ni mojawapo ya dawa ambazo Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa kichanga mwenye maambukizi makali, pamoja na ampisilini au penisilini, na inaokoa maisha ya watoto wengi mno. Streptomaisini nayo ilichomwa watu kwa miaka mingi kwa kifua kikuu. Kanamaisini ilitumika kwa kifua kikuu sugu mpaka Shirika hilo lilipoiondoa kwenye mapendekezo yake mwaka 2019, na madhara kwa masikio yalikuwa sehemu ya sababu. Kwa dozi kubwa dawa hizi zinaweza kuharibu masikio ya mtu yeyote. Kwa mwenye 1555, hata dozi ndogo ni hatari.

Uingereza wamekadiria kwamba mtu mmoja kati ya 500 hivi ana mabadiliko hayo. Mwaka 2022 watafiti wa Manchester walichapisha matokeo ya kipimo cha pembeni ya kitanda: unampangusa mtoto shavuni kwa ndani, na baada ya dakika 26 hivi mashine inajibu kama ana 1555 au hana. Akiwa nayo, anapewa dawa nyingine, na saa moja ya kuanza tiba haijapita. Safi sana. Wodi zetu nyingi hazina mashine hiyo leo, na sitegemei zitaipata kesho asubuhi.

Lakini jamani, swali ni bure! "Je, upande wa mama, kuna ndugu yeyote aliyepoteza kusikia baada ya sindano?" Sekunde kumi. Halihitaji umeme wala bajeti ya wizara. Linahitaji mtu anayelijua jibu. Na jibu hilo halipo, kwa sababu bibi amekufa na jina lake, mama mkubwa alihamia mkoa mwingine, na yule binti kiziwi wa mama mdogo tunaambiwa "alipigwa na jini". Najua vilevile kwamba homa ya uti wa mgongo yenyewe inaacha watu viziwi, na wengi waliopoteza kusikia utotoni ni huko kulikowatoa. Mmoja kwenye ukoo anaweza kuwa bahati mbaya. Wawili watatu kwa mstari wa mama, wote baada ya sindano, hiyo ni kengele.

Na tafadhali, asitokee mtu wa kusema nimewaambia watu wakatae sindano. Sijasema! Mtoto mwenye maambukizi ya damu bila dawa anakufa. Nimesema tujue, tumwambie daktari, halafu daktari achague. Basi.

Haya, sasa upande wa pili, maana nawajua wanaume wa hosteli yetu. Nikiandika "urithi wa mama", kesho yake kuna mtu atakwenda nyumbani na kusema "nilijua tu, ugonjwa umetoka kwenu". Hili linanitisha kuliko kitu chochote kwenye mada hii. Tayari tuna wanawake wanaofukuzwa kwa kuzaa wasichana watupu, wakati biolojia ya kidato cha nne inasema wazi kwamba anayeamua jinsia ni mbegu ya baba. Elimu nusu ikifika mtaani inageuka fimbo, na fimbo hiyo inajua mgongo wa kupiga.

Kwa hiyo tuipeleke nzima. Kwanza, mitokondria inahitaji protini zaidi ya elfu moja, na pete ile ndogo inatengeneza 13 tu. Nyingine zote zimeandikwa kwenye kromosomu, nusu za baba nusu za mama. Maana yake magonjwa mengi ya mitokondria, hasa ya watoto, yanatoka kwenye kiini, na mengi ya hayo yanahitaji nakala mbovu kutoka kwa wazazi wote wawili. Ukisikia mtoto ana ugonjwa wa mitokondria usikimbilie kumwangalia mama. Pili, kuna mabadiliko yanayoanza upya, hayakuwepo hata kwa bibi. Tatu, hakuna aliyechagua mitokondria zake. Mama alipewa, kama wewe ulivyopewa. Anayelaumu bibi kwa herufi namba 1555 ajiandae kumlaumu na babu kwa upara wake.

Na wale dada zangu mliokwisha simama kushangilia kwamba sayansi imethibitisha mtoto ni wa mama, kaeni kwanza, teh teh teh. Jeni 37 hazimfanyi mtu kuwa wa ukoo fulani. Waluguru, Wakaguru, Wamwera na Wamakonde kwa jadi walihesabu ukoo kwa mama, makabila mengine mengi kwa baba, na hakuna aliyesubiri darubini ili aamue. Ukoo ni makubaliano ya watu juu ya ardhi, ndoa na mazishi. Hata ule umaarufu wa "Hawa wa mitokondria" tusiuvute. Rebecca Cann, Mark Stoneking na Allan Wilson mwaka 1987 walilinganisha mitokondria za watu 147 wakaona zote zinarudi kwa mwanamke mmoja aliyeishi, pengine Afrika, miaka 200,000 hivi iliyopita. Hakuwa mwanamke pekee duniani. Wenzake walikuwepo na wamechangia kromosomu zetu, ila mistari yao ya mama kwa binti ilikatika mahali, mtu akazaa wavulana tu au hakuzaa. Ni bahati ya hesabu, si cheo.

Nachotaka kusema ni kidogo kuliko hicho, ila kinafanyika. Wala jamii haihitaji kubadilisha mila ili iweke kumbukumbu. Angalieni Argentina. Wakati wa utawala wa kijeshi wa 1976 hadi 1983, watu walitekwa na kupotezwa, na watoto wao wachanga wakagawiwa kwa familia nyingine. Wazazi hawapo, vyeti ni vya uongo. Nani atathibitisha huyu ni mtoto wa nani? Waliosimama ni bibi zao, kina bibi wa Plaza de Mayo. Mtaalamu wa jeni Mary-Claire King kutoka Marekani akaenda kuwasaidia kuanzia 1984, na mojawapo ya silaha ilikuwa hii hii: bibi mzaa mama na mjukuu wana mitokondria za aina moja, hata kama mama katikati hayupo tena. Mwaka 1987 nchi ikaanzisha kwa sheria benki ya taifa ya kuhifadhi vinasaba vya familia hizo. Mpaka leo wajukuu zaidi ya 130 wametambuliwa. Mstari ambao hakuna aliyeuandika kwenye cheti ndio uliowarudisha watu nyumbani.

Na wenye uwezo mkubwa wameshakwenda mbali zaidi. Bunge la Uingereza liliruhusu mwaka 2015 njia ya kuchukua kiini cha mimba changa ya mama mwenye kasoro na kukiweka kwenye yai la mwanamke mwingine mwenye mitokondria nzima. Julai 2025 madaktari wa Newcastle walitangaza watoto wanane waliozaliwa kwa njia hiyo na akina mama saba, mmoja akiwa amepata mapacha. Magazeti yakaandika "watoto wa wazazi watatu", ingawa huyo wa tatu amechangia jeni 37 tu. Unaweza kuikubali au kuikataa njia hiyo, mjadala wake ni wa siku nyingine. Ninachokiona mimi ni kwamba kwa wanawake wale kila kitu kilianza pale mtu alipokaa akachora ukoo wa upande wa mama na kuona ugonjwa unavyoshuka. Kalamu ilitangulia mashine.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, yote ya bei poa.

Moja, likizo hii kaa na mama, au mama mkubwa, au bibi kama Mungu amekujalia bado yupo. Andika majina ya mstari wa mama, majina yao ya kuzaliwa, si "Mama Fulani". Kando ya kila jina andika alikoishi na alichougua: macho, masikio, sukari, moyo, degedege, watoto waliofariki wachanga. Uliza kwa upole, usimhoji kama polisi. Wazee wanapenda kukumbukwa ila hawapendi kupekuliwa. Na karatasi hiyo ni ya familia, si ya kubandika mtandaoni.

Mbili, ninyi wa udaktari na uuguzi mnaotuzidi vitabu: mnapochukua historia ya mgonjwa, msiishie "kuna ugonjwa wowote kwenye familia?" Mgonjwa akisikia "familia" anawaza kina baba. Tenganisheni. Upande wa baba, halafu upande wa mama, na mumtaje mjomba kwa jina la mjomba. Kiswahili kimeshawapa maneno, msiyapoteze kwa kufikiri kwa Kiingereza.

Tatu, sisi wa ualimu tutakaofundisha Mendel miaka miwili ijayo: baada ya njegere, tumieni dakika kumi kwa ua la Correns. Mwambieni mwanafunzi kwamba kuna urithi usiochorwa kwenye mraba, na mwambieni kwa ukamilifu, na habari ya kiini ikiwemo, ili asiende nyumbani na fimbo.

Watasema nakuza jambo, kwamba magonjwa haya ni adimu na sisi tuna malaria, tuna upungufu wa damu, tuna matatizo ya kutosha. Kweli ni adimu, moja moja. Lakini ninachoomba hakichukui hata shilingi kutoka kwenye malaria. Kinachukua jioni moja na daftari. Na kama ukoo wako hauna chochote kati ya haya, utakuwa umepata majina ya wanawake wanne watano ambao bila wao usingekuwepo kwenye foleni ya kafeteria ukilalamika. Hiyo nayo si hasara.

Mwenye hoja ya kunipinga aje, kimbweta ni kile kile. Mwenye majina saba ya upande wa mama namnunulia soda, nikipata boom.

Nawasilisha.